Kigoma au Tabora: Hali ya Hewa, Moyo wa Mtu na Maisha ya Mji kwa Anayechagua Pa Kuhamia

Walimu, wauguzi, wafanyabiashara na wastaafu wanaotaka kuishi magharibi mwa Tanzania mara nyingi hujikuta wakipima miji miwili, Kigoma na Tabora. Hupima bei ya kiwanja, kodi ya nyumba, barabara na shule, kisha mwishoni huuliza kuhusu hali ya hewa kana kwamba ni jambo la nguo za kubeba tu. Makala hii inaanza na hali ya hewa kwa sababu ninaamini kwamba ndiyo inayopanga ratiba ya mji, na ratiba ya mji ndiyo inayoamua, polepole, jinsi mtu anavyolala, anavyofanya kazi, anavyokutana na jirani yake na hata jinsi anavyojisikia moyoni.

Miji hii inafaa sana kulinganishwa. Yote miwili iko karibu nyuzi tano kusini ya ikweta, imeunganishwa na reli ya takriban kilomita 400, na hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, wenye jumla inayozunguka milimita 900 hadi 1,000. Jua ni lile lile na mvua inakaribiana. Kinachotofautiana ni kwamba Kigoma imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko kwenye uwanda wa kati, karibu mita 1,200, ikiwa imezungukwa na misitu ya miombo.

Vigezo vya ulinganisho

Nitatumia vigezo vitano: joto na unyevu kwa mwili na usingizi, mwanga, mvua na hali ya moyo, kazi na chakula, desturi za kukaa pamoja, na jinsi mji ulivyokua pamoja na mwelekeo wake. Havina uzito sawa. Mtu mwenye pumu atatazama zaidi cha kwanza, na mfanyabiashara atakwenda moja kwa moja kwenye cha tatu.

Kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuiacha. Wanazuoni wa kale, akiwemo Ibn Khaldun wa Tunis katika karne ya 14, waliamini kwamba hali ya hewa ya wastani huzaa watu wenye busara na ustaarabu, na kwamba joto kali huzaa watu wenye papara na wasiofikiri mbali. Karne nyingi baadaye baadhi ya watawala wa kikoloni walilitumia wazo la aina hiyo kuhalalisha dharau yao. Historia ya Ujiji, mji wa kale jirani na Kigoma, na Unyanyembe, eneo la Tabora, inalikanusha waziwazi, kama tutakavyoona, na msomaji asitegemee kusoma hapa kwamba watu wa ziwani ni wakali na watu wa bara ni wapole. Hali ya hewa huweka mipaka na majira. Tabia hujengwa na watu wenyewe ndani ya mipaka hiyo.

Joto, unyevu na usingizi

Kigoma ina joto lisilobadilika sana. Ziwa lenye kina kinachofikia takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, huhifadhi joto jingi, na maji yake ya juu hubaki karibu nyuzi joto 25 hadi 27 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mwelekeo hugeuka. Mtu aliyejenga mlimani, upande unaolitazama ziwa, hupata hewa nzuri alasiri, lakini aliyejenga bondeni nyuma ya kilima huikosa na hubaki na unyevunyevu unaofanya shuka zisikauke vizuri wakati wa masika. Ndani ya mji mmoja, mahali pa kiwanja panaweza kubadili kabisa usiku wa mtu.

Tabora, kwa kuwa iko juu zaidi na mbali na maji mengi, hupoa haraka jua linapozama. Mwezi wa Juni na Julai usiku huweza kushuka hadi karibu nyuzi 15, na blanketi si anasa. Mwili wa binadamu hulala vizuri zaidi unapopoteza joto kidogo, kwa hiyo wengi hulala usingizi mzito Tabora katika miezi hiyo. Deni hulipwa Septemba na Oktoba, wakati joto la mchana hupita nyuzi 30, hewa ni kavu, vumbi limejaa na moshi wa misitu inayochomwa umetanda. Midomo hupasuka, pua hutoka damu kwa baadhi ya watoto, na wenye pumu huteseka.

Kwa hiyo, anayesumbuliwa na ukavu na vumbi atapumua vizuri zaidi Kigoma, na anayeshindwa kulala katika unyevu ataona nafuu Tabora kwa miezi mingi ya mwaka. Malaria ipo katika maeneo yote mawili, na chandarua hakiepukiki popote.

Mwanga, mvua na hali ya moyo

Katika nchi za kaskazini ya mbali, siku fupi za baridi huwaletea baadhi ya watu huzuni inayorudi kila mwaka. Kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo aina hiyo ya huzuni si mzigo wetu. Lakini kuna jambo la mwanga ambalo wahamiaji wachache hulifikiria. Saa za Tanzania nzima ni zile zile, ilhali jua hufika Kigoma takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam na dakika 12 au 13 baada ya Tabora. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua huchomoza Kigoma karibu saa moja asubuhi. Mtoto anayetakiwa kuwa shuleni mapema hutembea gizani, na mtu mzima ambaye mwili wake huamshwa na mwanga huona asubuhi nzito. Malipo ya jambo hilo ni jioni ndefu, jua likizama upande wa Kongo, watu wakiwa bado nje. Wenye asili ya kuchangamka jioni hupenda sana utaratibu huu.

Kuhusu joto na hasira, tafiti katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba siku za joto lisilo la kawaida huambatana na ongezeko la ugomvi na usingizi mbaya. Tabora hulijua jambo hili mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, wakati mkulima amemaliza kulima kwa mkono kwenye udongo mgumu na anatazama mawingu yanayopita bila kushusha kitu. Ni mwezi wa wasiwasi. Halafu, kabla hata tone halijadondoka, miombo huchipua majani mekundu, na mvua ya kwanza inapopiga vumbi mji wote hubadilika sura. Kigoma haina mpasuko mkubwa kiasi hicho kati ya majira. Mvua huanza karibu Oktoba na moyo husogea taratibu. Wakati mgumu wa Kigoma ni katikati ya masika, mawingu yanapokaa siku nyingi juu ya milima, radi zinapopiga na ziwa linapochafuka kiasi cha kuwazuia watu kusafiri.

Hata sokwe wa Gombe, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, hawaioni mvua kuwa jambo dogo: mtafiti Jane Goodall, aliyefika huko mwaka 1960, aliwaona madume wakikimbia mteremkoni, wakivunja matawi na kupiga kelele dhoruba ilipoanza. Nalitaja kwa sababu linatukumbusha kwamba kuitikia mvua kwa mwili na hisia ni jambo la kale kuliko mji wowote.

Anayependa mwaka wenye majira yaliyo wazi, wenye kusubiri na kufurahi, ataipenda Tabora. Anayechoshwa na mabadiliko makali atatulia zaidi Kigoma, mradi asiwe mtu wa kulemewa na mawingu.

Kazi na chakula

Hapa ndipo tofauti ni kubwa kuliko zote, kwa sababu miji hii inafuata kalenda mbili.

Kigoma hufuata mwezi wa angani. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri wakati kuna giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, mitumbwi mingi hubaki ufukweni, nyavu hushonwa, bei ya samaki hupanda, na nyumba za wavuvi hupata siku za kupumzika. Kisha giza hurudi na usiku ziwa hujaa taa. Fedha huja na kuondoka kila mwezi mara moja, jambo linalomjengea mtu tabia ya kukopa na kulipa kwa muda mfupi. Jua nalo lina kazi yake: dagaa wanaoanikwa kiangazi hukauka vizuri, lakini masika yakikolea huharibika kwa urahisi, na anayewanunua kwa biashara sharti awe na chanja na turubai. Juu ya ufukwe, joto na unyevu huiwezesha michikichi kustawi, ndiyo maana mawese ni sehemu ya chakula cha kila siku pamoja na ugali wa muhogo. Kwenye milima ya Buha, Kasulu na Kibondo, kuna ubaridi na mvua nyingi zaidi, na migomba, maharage na kahawa hushika nafasi kubwa.

Tabora hufuata mwaka. Mvua huanza Novemba na kwisha karibu Aprili, na ndani ya miezi hiyo mkulima hupanda mahindi, karanga, mpunga mabondeni na tumbaku. Januari na Februari, akiba inapopungua na mazao mapya hayajakomaa, kaya nyingi hubana matumizi. Ndiyo sababu uhifadhi wa chakula ni elimu ya kila nyumba: kiazi kitamu hukatwa na kuanikwa kuwa michembe, au huchemshwa kwanza kisha kuanikwa kuwa matobolwa, na hukaa miezi mingi bila kuharibika kwa sababu kiangazi ni kikavu kweli. Ukavu ule ule unaopasua midomo ndio unaolinda ghala. Msitu hutoa uyoga mvua zinapoanza na asali baada ya mvua kwisha, na si bahati kwamba chuo cha ufugaji nyuki kipo Tabora. Fedha ya tumbaku huja mara moja kwa mwaka, kwa mkupuo, na mfanyabiashara wa Tabora hupanga mikopo yake kwa kuutazama mkupuo huo. Jambo linalonisikitisha ni kwamba mabani ya kukaushia tumbaku hula kuni nyingi za miombo, wakati miombo ndiyo inayomlisha nyuki na kulinda udongo.

Anayetaka mzunguko wa haraka wa fedha na anayeweza kuvumilia kuyumba kwake ana nafasi Kigoma. Anayeweza kungoja mwaka na kupanga mbele ana nafasi Tabora. Mtumishi wa mshahara hataguswa sana na tofauti hii, isipokuwa sokoni.

Desturi za kukaa pamoja

Kiangazi kirefu cha Tabora huacha muda baada ya mavuno, na muda huo ndio wa harusi, ziara za ukoo na ngoma kama manyanga na hiari ya moyo. Mgeni anayefika Julai ataona mji wenye sherehe. Atakayefika Desemba ataona watu wale wale wako shambani tangu alfajiri na hawana nafasi ya mazungumzo marefu. Asiwahukumu kwa mwezi mmoja.

Kigoma hukutana zaidi ufukweni na jioni. Mwalo, yaani mahali boti za uvuvi zinapotia nanga, ni soko, kijiwe na baraza kwa wakati mmoja, na kwa kuwa boti huleta watu kutoka Kongo na Burundi, masikio huzoea Kiha, Kiswahili cha ng'ambo na Kibembe katika mkusanyiko mmoja. Mgeni hukaribishwa haraka. Hata hivyo, familia za wavuvi huishi na mume anayelala mchana na kufanya kazi usiku, na mke ndiye anayebeba sehemu kubwa ya biashara ya nchi kavu. Anayehamia huko aheshimu utaratibu huo, asibishe hodi asubuhi akitegemea mazungumzo.

Jinsi miji ilivyokua

Kati ya Kigoma na Tabora, kwenye chemchemi za Uvinza, watu wametengeneza chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, kwa sababu mvua huyapunguzia maji ya chemchemi ukali wa chumvi. Watu walikusanyika kwa miezi mikavu, wakachemsha maji, wakabadilishana bidhaa, kisha wakatawanyika kwenda kulima. Kabla ya misafara ya pwani, majira yalikuwa yamekwisha kupanga biashara ya magharibi yote.

Tabora ilikua kwa mantiki hiyo hiyo. Katika karne ya 19, Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa njia ya Bagamoyo, na wengi wao waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya msimu wa kupanda. Unyanyembe, penye nafaka na maji ya visima, palikuwa mahali pa kungojea: msafara uliokuta mito imefurika mbele, hasa Malagarasi, ulihitaji chakula na pa kulala mpaka njia ikauke. Mji uliojengwa juu ya kungojea hujifunza kukaa na wageni, na miembe inayofunika mitaa ya Tabora ni kumbukumbu ya watu wa pwani waliokuja na mbegu na nia ya kukaa. Kwenye uwanda huo huo, mtemi Mirambo alijenga dola yake hadi alipofariki mwaka 1884, na Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipigana na Wajerumani hadi mwaka 1893. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na shule ya serikali iliyojengwa huko ilimsomesha Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937.

Mfano wa kinyume pia uko katika mkoa huo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliichagua Urambo kuwa mojawapo ya sehemu za mradi mkubwa wa karanga, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walileta matrekta mengi bila kuielewa vya kutosha mvua ya huku wala udongo wake, na mradi ukavunjwa mwaka 1951. Fedha na mitambo havikutosha kuishinda kalenda ambayo mkulima mdogo aliijua kwa moyo.

Kwa upande wa ziwa, mji wa zamani ni Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wakati huo maji yalikuwa juu. Karibu mwaka 1878 ziwa lilifurika na kuzibua njia yake ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na katika miongo iliyofuata kina chake kikashuka kwa mita kadhaa. Ufukwe wa Ujiji ukarudi nyuma, na leo mnara wa kumbukumbu ya mkutano ule uko mbali na maji. Kigoma, yenye ghuba ya kina na iliyokingwa na upepo, ndiyo iliyopata reli mwaka 1914 na bandari, na hapo ndipo meli inayoitwa leo Liemba ilipounganishwa vipande vyake na kushushwa majini mwaka 1915. Mvua, mvukizo na mto mmoja vilishiriki kuhamisha uzito wa mji mmoja kwenda mwingine, ingawa uamuzi wa mwisho ulikuwa wa wahandisi na watawala.

Ziwa halijaacha kuamua. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na hivyo chakula cha samaki kimepungua. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020, maji yalipanda na kuvamia majengo ya ufukweni. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Tabora nayo, iliyoteseka kwa miaka mingi na uhaba wa maji kiangazi, sasa hupokea maji ya Ziwa Victoria kwa bomba, na hiyo imebadili maisha ya mjini kuliko kitu kingine ninachokijua. Lakini mkulima wa nje ya mji bado anategemea mvua ambayo mwanzo wake haubashiriki kwa urahisi.

Kwa hali yako

Ukiwa na watoto wadogo wenye kifua au pumu, Kigoma ina hewa laini zaidi kuanzia Agosti hadi Oktoba, ila tafuta nyumba inayopata upepo wa ziwa na isiyo na ukungu ukutani. Ukiwa mzee ambaye mifupa humuuma kwa unyevu, au ambaye usingizi umekuwa adimu, Tabora itakufaa zaidi, na kisima au tanki la akiba bado ni busara.

Ukitaka kulima mazao ya kuhifadhi, kufuga nyuki au kufanya kazi inayolipa mara moja kwa mwaka, Tabora ina ardhi, ukavu na ujuzi wa wenyeji. Ukitaka michikichi, biashara ya samaki au bidhaa za mpakani, nenda Kigoma, ukiwa na mtaji wa kukuvusha mbalamwezi na miezi ambayo uvuvi unaweza kufungwa. Mtu anayependa migomba na ubaridi asijilazimishe kuchagua kati ya miji hii miwili. Kasulu iko karibu na Kigoma, na huenda ndiyo jibu lake.

Ikiwa wewe ni mpweke unayeanza upya, mwalo na jioni ndefu za Kigoma hukutanisha watu haraka. Tabora humkubali mtu polepole zaidi, na ni vizuri kuhamia Mei au Juni, wakati watu wana nafasi ya kukufahamu kabla ya msimu wa kilimo.

Na kama bado huwezi kuamua, usitembelee mji wowote katika mwezi wake mzuri. Kaa Tabora siku kadhaa za Oktoba, kabla ya mvua, na Kigoma katikati ya masika, ulale katika mtaa ule ule unaotaka kununua kiwanja, uamke saa unayotakiwa kuamka kazini, na uulize majirani maji yalifika wapi mwaka ziwa lilipopanda, au vumbi huanza mwezi gani, kabla hujasaini hati ya mauziano.